Ardhi Kimya

Kila asubuhi, jua likiwa bado limenaswa kwenye matawi ya migunga, fisi mmoja alivuka bomba la mafuta upande wa mashariki wa Kituo cha Lendusi. Ndivyo mashine ilivyoandika kwenye skrini: FISI, MMOJA, ANAELEKEA KASKAZINI.

Tusekile Mwaijande alijua kwamba si fisi.

Alikuwa ameketi na chai yake ya rangi, spika za masikioni zimebana kilemba chake, akisikiliza hatua zinavyokuja kupitia udongoni. Mguu mmoja ulikanyaga kwa uzito, wa pili ukaburutwa kidogo, wa kwanza ukakanyaga tena. Hatua zilipofika juu ya bomba zilisimama. Kitu kizito kikatuliwa chini. Kimya kidogo, kama cha mtu anayefuta jasho usoni. Kisha mzigo ukainuliwa na safari ikaendelea.

Fisi hatui mzigo akapumzika, akajitwika tena.

"Umechelewa leo," Tusekile alimwambia. Alizoea kuongea naye. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuongea naye.

Kituo kilijengwa kwa ajili ya watu wanane. Kulikuwa na vyumba vinane, meza ndefu ya kulia chakula, hata goli la mpira lililobaki bila nyavu. Mmoja mmoja, mashine zilipojifunza kazi zao, wenzake walifunga mabegi wakaondoka. Alibaki yeye, kwa kuwa sheria ilitaka kila kituo kiwe na binadamu mmoja wa kuthibitisha kile ambacho mashine imesema. Gari la mahitaji lilikuja lenyewe bila dereva, likashusha unga na maharage, likageuza. Mwanzoni Tusekile alikuwa akiliaga kwa kulipungia mkono. Baadaye aliacha, aliona anajiaibisha bure.

Kilichomweka hai ni mkongo. Ulifukiwa pembeni mwa bomba, tangu visima vya magharibi mpaka bandarini: nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, ambamo mwanga ulipigwa maelfu ya mara kwa kila sekunde. Chochote kilichotikisa udongo juu yake, hata digidigi anayekimbia, kiliutikisa mwanga huo, na mashine ikaugeuza mtikisiko kuwa sauti. Wenye mradi waliutega ili wasikie wezi wa mafuta wakichimba, au bomba likianza kuvuja. Ukaishia kusikia kila kitu.

Lakini kusikia ni jambo moja na kuelewa ni jingine. Programu ilifundishwa kwa nyayo za wajenzi waliovaa mabuti. Kwa hesabu zake, mtu ni kisigino kigumu, mwendo wa sawasawa na njia iliyonyooka. Aliyetembea peku, akapinda kufuata kivuli, akasimama kuangalia nyuki wanakoelekea, huyo hakuwa mtu. Mashine ilimtafutia mnyama anayefanana naye.

Basi kulikuwa na fisi anayechechemea. Kulikuwa na mwanamume mwenye visigino vizito, ambaye mashine ilimwita nungunungu. Kulikuwa na wawili waliotembea pamoja siku zote, na mwanamke kijana wa hatua nyepesi. Msimu wa mvua uliopita kikaongezeka kitu kingine: vishindo vidogo, viwili vitatu, kisha mwili mzima kudondoka puu! Halafu tena viwili vitatu, puu! Mashine iliandika NGEDERE. Tusekile alivua spika akacheka peke yake kwenye meza ya watu wanane. Alikuwa amemsikia mtoto akijifunza kutembea.

Alijua ni akina nani. Waloki walikuwa watu wachache wa kurina asali, na nyika ya Lendusi ilikuwa yao kabla haijawa na jina kwenye ramani ya mtu yeyote. Bomba la kwanza lilipopita walipakiwa kwenye malori wakapelekwa Makazi ya Neema, nyumba za bati zilizopangwa mistari, mbali na mti wowote wenye mzinga. Kumbukumbu zinasema waliondoka wote. Hazisemi kwamba baadhi yao walirudi kimyakimya, na kwamba wanajificha macho ya droni kwa kukaa vichakani na kuwasha moto mdogo usio na moshi. Macho ya angani waliyajua. Sikio la ardhini hawakulijua.

Tusekile hakumwambia mtu. Mama yake alifariki Rungwe wakati hajapatikana wa kumshikia zamu, akazikwa bila yeye. Mwaka uliofuata, mchana mmoja wa joto, alisikia kwenye mkongo vijiti vikichimba udongo mgumu kwa muda mrefu. Kisha nyayo zikakusanyika zikasimama. Hakuna aliyeimba, kwa maana wimbo ungesikika mbali. Tusekile naye alisimama kwenye chumba cha skrini, mikono ameifumbata tumboni, mpaka nyayo zile zilipotawanyika. Hapo ndipo alipomlilia mama yake kwa mara ya kwanza.

*

Mhandisi Rweyongeza alipiga simu saa nne. Uso wake ulitokea kwenye skrini ukiwa na uchovu wake wa kawaida, miwani imepandishwa juu ya upara. Alikuwa msimamizi wa vituo vyote vya kanda ile, mtu wa maneno ya taratibu, ambaye hakuwahi kumfokea.

"Dada Tuse, za huko?"

"Salama, Mhandisi. Pampu ya pili inatoa mlio, nimeifungua nimeisafisha."

"Vizuri." Alikohoa. "Sikiliza. Bomba la pili limepitishwa. Litafuata mkuza huu huu wetu, ila upana wa ukanda wake utaongezwa mara tano, kuelekea kaskazini."

Kaskazini ndiko fisi alikoelekea kila asubuhi.

"Kwenye vile vichaka?"

"Vichaka vitafyekwa. Mwisho wa mwezi Lendusi inatimiza miaka saba bila mkongo kusikia mtu asiye mfanyakazi. Itatangazwa ardhi kimya. Unaijua sheria: ardhi kimya haina wa kuombwa ruhusa, inaingia kwenye mradi moja kwa moja. Kinachohitajika ni uthibitisho wako tu. Useme kwamba hujasikia mtu."

Tusekile alikishika kikombe kilichokwisha poa. "Na kama ningekuwa nimesikia?"

Rweyongeza alivuta miwani ikashuka machoni, kama mtu anayetaka kumwona vizuri.

"Umesikia?"

"Nauliza tu."

"Basi na mimi nakujibu tu. Ukisema wewe kwamba kuna watu, watahesabiwa kuwa wamegunduliwa. Waliogundulika ndani ya mkuza, kama waliwahi kuhamishwa, wanarudishwa Makazi wiki hiyo hiyo. Mazungumzo ya ardhi yatafanyika wakiwa kule, na unajua mazungumzo ya namna hiyo huishia wapi."

"Nisiposema, bomba linawapitia kichwani."

"Hakuna aliyesema kuna watu, dada." Sauti yake ilishuka. "Kipo kifungu kimoja, watu wengi hawakisomi. Mtu akija mwenyewe kituoni, kwa miguu yake, akataja jina lake, huyo hakugunduliwa. Amejitokeza. Ana haki ya kusikilizwa akiwa juu ya ardhi yake, na mradi unasimama mpaka asikilizwe. Ila atapimwa macho, atavishwa bangili ya kumfuatilia, na tangu siku hiyo hatafichika tena maisha yake yote. Yeye na watoto wake."

"Kwa nini unaniambia haya, Mhandisi?"

"Umeuliza," Rweyongeza alisema, na skrini ikazima.

*

Aliondoka asubuhi iliyofuata, baada ya fisi kuvuka. Pikipiki ya umeme aliiacha, ingewakimbiza. Alipofika getini akakumbuka mabuti yake. Mashine iliyajua mabuti yale kama inavyojua jina lake. Kila hatua ingeandikwa: MWAIJANDE T., ANAELEKEA KASKAZINI. Na yeyote aliyetazama kumbukumbu angejua alikokwenda.

Akayavua, akayaweka kando ya geti. Soksi nazo. Hakuwa ametembea peku porini tangu utoto, na kule kwao udongo ulikuwa mweusi na laini. Hapa kila hatua ilikuwa mwiba au kokoto la moto. Alitembea akipinda kufuata vivuli na kusimama mara kwa mara kung'oa miiba, na katikati ya maumivu yale akawaza kwamba sasa naye, kwa mujibu wa mashine, ni mnyama wa aina fulani.

Wao ndio waliomwona kwanza. Mwanamume mfupi wa makamo alijitokeza kutoka kichakani, upinde mkononi lakini mshale ukiwa bado kwenye podo. Tusekile alitazama miguu yake. Visigino vizito. Akatamani kumsalimia kama mtu aliyekutana na jirani sokoni.

"Umepotea?" mwanamume aliuliza.

"Hapana. Natoka kituoni. Nimewafuata ninyi."

Jina lake lilikuwa Lemuka. Alimpeleka ndani, chini ya dari la matawi yaliyosukwa. Hapo walikuwapo binti yake Nayeka, mwanamke kijana aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wa kike, na dada mkubwa wa Lemuka, Sianta, aliyekaa akikamua masega kwenye kibuyu, mguu mmoja umenyooshwa mbele kama kitu kisicho chake. Wanawe wawili, wale waliotembea pamoja siku zote, walikuwa mizingani.

"Shikamoo, mama," Tusekile alisema.

Sianta hakuitikia. Alitazama damu kwenye vidole vya mgeni. "Umeibiwa viatu?"

"Nimeviacha. Ningevivaa, bomba lingejua nimekuja."

"Bomba lina macho siku hizi?"

"Lina masikio."

Akawaeleza. Aliwaeleza habari za mkongo, mwanga, udongo, na chumba chake chenye skrini. Aliongea akitazama chini, na kadiri alivyoendelea alijisikia kama mtu anayevuliwa nguo mbele ya wakwe. Alikuwa amejiandaa kuwaambia habari za bomba la pili. Hakujiandaa kusema hili jingine: kwamba anawajua, na wao hawamjui.

"Kila siku?" Nayeka aliuliza. "Umetusikiliza kila siku?"

"Kila siku."

"Na hiyo mashine," Sianta alisema, "inaniitaje mimi?"

Tusekile alisita. "Fisi."

Lemuka ndiye aliyeanza kucheka, kisha Nayeka, mpaka mtoto akaachia titi kuona kuna nini. Hata Sianta alitoa mguno uliofanana na kicheko.

"Na huyu wangu?" Nayeka alimwinua mtoto.

"Ngedere."

"Hapo haijakosea sana."

Walicheka tena, na Tusekile akacheka nao, na kwa kitambo kile kifupi alikuwa mahali fulani, na watu. Kisha Sianta aliweka masega chini.

"Tulipomzika Mama. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama. Mpaka mlipoondoka."

"Ulisimama." Sianta alilirudia neno kana kwamba analionja. "Ungeweza kuja."

"Niliogopa mngekimbia."

"Tungekimbia kweli," Lemuka alisema kwa upole.

"Nyamaza wewe." Sianta hakupandisha sauti. "Mwanamke huyu amekaa na sisi miaka yote hii. Amekula nasi, amelia nasi, amemlea mtoto wetu. Sisi hatujakaa naye hata siku moja. Hatukuwa na habari kwamba yupo. Huo ni ujirani gani?"

Tusekile akawaambia lililomleta. Aliwaeleza ardhi kimya ni nini na mwisho wa mwezi kutatokea nini. Aliwaeleza tofauti kati ya kugunduliwa na kujitokeza, akairudia mara mbili ili asije akawa amewapotosha. Alipomaliza, nyuki tu ndio walioendelea kusema.

"Mimi nitakwenda," Lemuka alisema.

"Wapi?" dada yake akauliza.

"Huko kituoni. Nikataje jina langu. Nimechoka, Sianta. Nimemzika mama yangu bila kulia kwa sauti. Natembea kwenye ardhi ya baba yangu kama mwizi wa kuku."

"Ukavae bangili yao? Wakuhesabu kila ukienda kukojoa?"

"Wakinihesabu, watalazimika kuniuliza."

"Walituuliza mara ya kwanza! Umesahau? Walikuja na viti na soda, wakatuuliza siku nzima, kesho yake wakaja na malori." Alijipiga pajani. "Mguu huu haukuvunjwa na mti, Lemuka. Nilitupwa kutoka juu ya lori lao nikiwa nimeshika mzinga, na aliyenitupa alikuwa na karatasi inayosema nimekubali."

Nayeka alikuwa akimfuta mtoto jasho. Sasa aliinua kichwa. "Shangazi, juzi alikuwa na homa. Droni ikapita, ikarudi, ikasimama juu yetu. Nilimziba mdomo asilie. Nilimziba mpaka macho yakamtoka." Alimkumbatia mtoto. "Sitaki kumziba tena."

Sianta alimtazama mpwa wake kwa muda mrefu. Alipomgeukia Tusekile, ukali wote ulikuwa umemtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kukitazama.

"Nenda kwako," alisema. "Usiseme kitu kwa niaba yetu, si cha kutuokoa wala cha kutuangamiza. Tutaamua wenyewe. Na ukifika, acha kutusikiliza."

"Nikiacha, nitajuaje mmeamua nini?"

"Atakayetaka ujue atakuja kubisha mlango. Ndivyo watu wanavyofanya."

*

Kuacha kulikuwa kugumu kuliko miiba. Asubuhi ya kwanza aliamka, akachemsha chai, akakaa mbele ya skrini, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye spika. Akaurudisha. Mashine iliendelea kuandika. Ilimbidi afunike kona ile ya skrini kwa kanga ili asione ni mnyama gani amepita. Siku zilirefuka. Alisafisha pampu ambazo hazikuwa chafu. Alifagia vyumba saba visivyolaliwa. Mchana mmoja alizivaa spika bila kuwasha sauti, akasikia mshindo wa damu yake mwenyewe masikioni, akazivua haraka kama aliyeshikwa akidokoa.

Ombi la uthibitisho lilikuja na kurudi kwenye skrini: JE, UMEMSIKIA MTU YEYOTE? Kulikuwa na vitufe viwili tu, ndiyo na hapana. Akawaza kwamba aliyetengeneza vile vitufe hakuwahi kumsikia mtu katika maisha yake.

Siku chache kabla ya mwezi kwisha, mtu alibisha geti.

Alikuwa Lemuka, na nyuma yake Nayeka na mtoto mgongoni. Walikuja juu ya mkuza wenyewe, katikati ya jua la saa nane, mahali ambapo droni yoyote ingewaona. Lemuka alikuwa amejipaka mafuta, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda msibani.

"Sisi ni watatu," alisema.

Tusekile alitazama nyuma yao. Njia ilikuwa tupu.

"Sianta amewachukua wanawe wawili," Lemuka alisema. "Wamehamia upande wa machweo, kwenye chemchemi. Hatukugombana. Alinifunga kibuyu cha asali akaniambia, nenda ukawe mtu wao, mimi acha nibaki fisi." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Hatujawahi kulala mbalimbali tangu kuzaliwa."

Aliwaingiza ndani. Mtoto alishushwa chini, akapiga hatua kwenye sakafu ya saruji, na kwa mara ya kwanza Tusekile aliviona vile vishindo alivyovijua kwa masikio. Alichuchumaa akamnyooshea mikono. Mtoto alimtazama mwanamke huyu asiyemjua, akaangua kilio, akakimbilia miguuni kwa mama yake.

"Atakuzoea," Nayeka alisema.

"Najua," alisema Tusekile, ingawa hakujua.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Kila mmoja alikaa mbele ya kioo cha kupimia macho na kusema jina lake, jina la baba yake na mahali alipozaliwa. Lemuka alitaja jina la nyika ile kwa Kiloki, neno refu lenye mlio wa ulimi ndani yake, na mashine ikamwomba arudie. Akarudia. Ikaomba tena. Mara ya nne aliigonga meza kwa kiganja na kulitamka kwa sauti kubwa, sauti ya mtu ambaye miaka yote amekuwa akinong'ona, na mashine ikalipokea.

Rweyongeza alipiga simu kabla kioo hakijapoa. Lemuka na binti yake walikuwa nje, kivulini, wakinywa maji.

"Watatu wamejitokeza," mhandisi alisema.

"Watatu."

"Wamekuja wenyewe?"

"Kwa miguu yao."

"Kazi ya bomba la pili imesimamishwa tangu dakika tano zilizopita. Nimeshapigiwa simu na watu wawili wanaotaka kujua kama nina akili timamu." Alivua miwani akaifuta kwa tai. "Wataleta timu ya kupima na kuhoji. Itakuwa kelele. Wewe utaulizwa kwa nini hukuwahi kusema."

"Nitajibu."

"Dada Tuse. Kwenye kumbukumbu zako kuna fisi. Fisi mmoja, hana kundi, anavuka mahali pale pale kila asubuhi miaka nenda rudi. Siku hizi anavukia upande wa chemchemi."

Tusekile alisogea karibu na skrini. "Unasoma kumbukumbu zangu?"

"Unadhani wewe peke yako ndiye unayeishi peke yako?" Hakuwa akimtazama. "Mke wangu alipofariki, kazi ndiyo ilibaki ya kurudia jioni. Vituo vyangu vyote nina sauti zake. Juzi juzi mashine iliandika mhanga, yule mnyama mchimba mashimo, akitoka getini kwako mchana kweupe. Mhanga hatembei mchana, wala hafungi geti nyuma yake."

"Kumbe ulijua. Miaka yote ulijua kuna watu."

"Nilijua. Nikajiambia nawalinda kwa kunyamaza. Huenda ni kweli. Huenda nilikuwa naogopa tu kazi yangu. Hata leo siwezi kukwambia ni lipi kati ya hayo mawili." Akavaa miwani. Sauti yake ikawa ya kikazi, kila neno likisemwa ili lirekodiwe. "Kwa uthibitisho wa mwisho, Bi. Mwaijande. Mbali na hao watatu, je, umemsikia mtu mwingine katika eneo la Lendusi?"

Aliwaza kuhusu haki ya ardhi, kwamba watu sita wana uzito zaidi kuliko watatu mbele ya wapimaji. Kwa neno moja angeweza kumwongezea Lemuka nguvu, na kwa neno hilo hilo wangekwenda kumchukua dada yake kwa lori. Akakumbuka alivyoambiwa: si cha kuokoa wala cha kuangamiza.

"Nimesikia wanyama," alisema.

"Fisi?"

"Fisi ni fisi, Mhandisi."

Rweyongeza aliitikia kwa kichwa, polepole. "Imerekodiwa," alisema.

*

Timu ilikuja na mahema, mashine za kupimia na mwanasheria mmoja mpole aliyepata upele wa jua. Mahojiano yalianza, yakaahirishwa, yakaanza tena. Hakuna aliyejua yatakwisha lini wala kwa faida ya nani. Droni zilipita juu ya kibanda cha Lemuka kila saa, na mtoto wa Nayeka alijifunza kuzipigia kelele apendavyo. Bangili ilimwachia Lemuka alama nyekundu mkononi. Lakini vichaka vilikuwa bado vimesimama, na aliruhusiwa kutundika mizinga mitatu juu ya mkuza wenyewe, mahali ambapo matingatinga yalitakiwa kupita.

Jioni, wapimaji wakishaingia kwenye mahema yao, Lemuka alikuwa akija kituoni. Mwanzoni alileta sababu: maji, kiberiti, kuuliza maana ya neno fulani la mwanasheria. Baadaye alikuja bila sababu. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha skrini, Tusekile akisimama mlangoni. Tusekile hakujua ampe chakula saa ngapi, wala amwulize nini. Alimjua mtu huyu kwa visigino tu, na mtu mwenye uso na macho na ukimya wake alimchanganya.

Jua lilikuwa linazama siku moja Lemuka alipooneshea kidole dirishani.

"Kile kidude bado kinasikia?"

"Kinasikia."

"Mpaka chemchemini?"

"Mpaka huko."

Lemuka aligeuzageuza bangili mkononi. "Kiangazi mguu wake huvimba. Mimi ndiye niliyekuwa namkanda." Alitazama upande wa machweo. "Sitaki kujua alipo hasa. Nataka kujua tu kama bado anatembea."

Spika zilikuwa mezani, hatua chache tu nyuma yao. Ingekuwa dakika moja. Angemvalisha, angeshusha sauti za upepo na panya, na Lemuka angemsikia dada yake akivuka, mguu mmoja kwa uzito na wa pili ukiburutwa. Tusekile alijua vizuri sana faraja ile ilivyo. Alijua pia kwamba kesho yake angeiomba tena, na keshokutwa, mpaka asingekuwa na hamu ya kwenda popote kwa miguu yake.

"Sijui, kaka," alisema. "Huko sisikilizi tena."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Lemuka alimtazama, akitafuta kama anadanganywa. "Sianta aliniambia hutaweza."

"Nusura nisiweze."

Giza lilianza kushika miguu ya migunga. Kwenye mahema mtu alikuwa anacheka, na pampu ya pili ilikuwa imeanza tena ule mlio wake. Lemuka alivuta pumzi ndefu, akaitoa.

"Basi itabidi tumngoje aje mwenyewe," alisema.

Akasogea mwisho wa benchi, ili Tusekile, aliyekuwa amesimama muda wote huo, apate mahali pa kukaa.